Nilivuka pantoni la Kigamboni na dumu tupu kila asubuhi, mpaka Bibi alipokuja kutoka Newala

"Likizama, utashika nini?"

Swali hilo niliulizwa na Bibi yangu, nyumbani Newala, nikiwa na digrii mbichi kabisa.

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wanaonijua humu wanajua mimi ndiye yule wa "chanzo chako ni nini?" kwenye kila uzi wa miujiza na kila uzi wa kutajirika haraka. Basi leo ni zamu yangu ya kuchekwa. Ninachosimulia hakina chumvi hata punje, isipokuwa ile iliyokuwemo ndani ya dumu, na mtaikuta huko mbele.

Kipindi chenyewe ni kile cha ruksa. Serikali ilikuwa imeacha kumpangia kazi kila anayemaliza chuo. Kule kwetu wanunuzi binafsi wa korosho walishaanza kuingia na malori yao, na Dar kila kona mitumba na magari yaliyotumika. Mimi nikapata kazi kwenye kampuni ya mtu binafsi ya kutoa mizigo bandarini. Chumba nikapata Kigamboni, ng'ambo.

Maana yake: asubuhi pantoni kwenda mjini, jioni pantoni kurudi. Kila siku ya Mungu.

Kabla ya kuanza kazi nikaenda nyumbani kuaga.

Kwa msiopajua, Newala iko juu. Upepo upo, korosho zipo, baridi ya mwezi wa sita ipo. Maji ndiyo kazi. Enzi hizo ukifungua bomba lilikuwa linakohoa tu, kwa hiyo wanawake walishuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda mlima na maji kichwani. Mtoto wa kwetu anajua kuoga kwa bakuli moja na bado akabakiza ya kunawia miguu. Mimi nimekua sijaona maji yanayonizidi kimo. Mto Rufiji wakati wa chuo nilikuwa navuka kwa pantoni, ndiyo, lakini mara chache kwa mwaka, nafumba macho, nikifumbua tumefika.

Na kuna jambo lingine la nyumbani, naomba mlishike. Ukipita penye maji ukiwa na chombo kitupu, huondoki nacho kitupu. Hata kama una haraka. Hata kama unaenda msibani. Kupitisha chombo kitupu mbele ya maji ni kama kumtukana aliyebaki nyumbani na kiu.

Turudi kwa Bibi.

Bibi yangu alikuwa wa zamani hasa: ndonya kwenye mdomo wa juu, chale usoni. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, akavuka kuja huku akiwa msichana. Habari za huko hakuwa akizisimulia. Sisi wajukuu tulijua kavuka tu, kama wengi walivyovuka, na mimi mhoji wa kila kitu sikuwahi kuhoji hilo.

Siku hiyo alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, macho yake yameshaanza ukungu, vidole ndivyo vinavyoona.

"Hilo pantoni ni nini?"

"Ni chombo cha chuma, Bibi. Kinabeba watu na magari juu ya maji."

"Chuma?"

"Ndiyo."

"Juu ya maji?"

"Ndiyo, Bibi."

Akamenya mng'oko mzima. Kisha ndiyo akauliza lile swali.

Wakuu, nikajimwaga. Nikamweleza kwa nini chuma kizito kinaelea, nikachora mchangani, nikataja na uzito wa maji yanayosukumwa. Akanisubiri nimalize, kwa adabu ileile anayomsubiria katekista siku za jua kali.

Halafu akasema: "Sijauliza kwa nini linaelea. Nimeuliza utashika nini."

Asubuhi ya safari akatoka ndani na dumu. Dumu la njano la lita tano, lililokuwa la mafuta ya kula. Kifuniko kilipotea zamani, limezibwa kwa gunzi la muhindi. Mama akaruka: "Mama, hilo si ndilo la bondeni?"

"Nimempa."

Kwa mtu wa Newala kugawa dumu zima lisilovuja si jambo dogo. Hata hivyo nilicheka safari nzima. Msomi mzima, nimepakata dumu tupu kwenye basi!

Nilicheka mpaka siku ya kwanza kazini.

Siku hiyo nilisimama pale mlango wa pantoni unapogusana na nchi kavu, nikaona maji meusi yanapumua kwenye ule ufa, miguu ikagoma. Watu wakanipita. Baiskeli zikanipita. Akanipita mzee mwenye mbuzi, na mbuzi akanitazama kwa huruma. Pantoni likaondoka bila mimi, la pili nalo nusura. Kazini nikachelewa, na bosi akaniambia kwa upole kwamba nje kuna wasomi wengi wanaotaka kiti changu.

Kesho yake nikaja na dumu.

Naomba msicheke mapema, nilikuwa na sababu za kitaalamu. Dumu tupu la lita tano linaelea. Mtu akilikumbatia haendi chini haraka. Sikujali kwamba usalama wa hesabu yote hiyo ulitegemea gunzi la muhindi.

Nilikuwa naliweka ndani ya kikapu, juu nimefunika khanga. Nikiulizwa, naenda kununua mafuta ya taa. Uongo huo ulidumu mpaka nilipokutana na Mama Shabani.

Mama Shabani alikuwa anavuka kila asubuhi kwenda soko la Feri kununua samaki wa kukaanga. Mwili umejaa, sauti ya kuitia watu shambani. Siku moja akanikalia jirani, akainua khanga yangu bila hodi.

"We dada, asubuhi dumu tupu, jioni dumu tupu. Hayo mafuta ya taa unayanywa?"

Nikajichekesha.

"Kwenu wapi?"

"Newala."

Akapiga makofi. "Jamani! Mimi wa Masasi, Lisekese palepale! Njooni mwone Mmakonde wa juu! Hawa wanaoga kwa kikombe hawa! Leo ameona maji ya bure amechanganyikiwa, kaja na kidumu kuyachota!"

Pantoni zima likaangua kicheko, mpaka jamaa wa kukata tiketi. Sisi wa Newala na wao wa Masasi tumezoeana kwa mizaha, huwezi kununa, ukinuna umeshindwa. Nikamjibu kwamba wao wa Masasi wanayo maji ya kutosha ila hawaogi. Akafurahi kweli. Tangu siku hiyo nikawa Dada Dumu, na jina likaenea mpaka kwa wauza karanga.

Sasa Krismasi nikarudi nyumbani, na hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Mbele ya ukoo mzima nikaulizwa habari za bahari. Nikasema bahari nimeizoea kama uwanja wa nyumbani. Nasimama pembeni kabisa, natafuna karanga, upepo unanipiga. Binamu zangu wakaguna kwa heshima.

"Na dumu?" Bibi akauliza.

"Aa, lile nawekea mafuta ya taa, Bibi."

"Haya."

Hilo "haya" lilikuwa fupi mno. Ningekuwa na akili ningelitilia shaka.

Mwaka uliofuata macho ya Bibi yakazidi. Mtoto wa jicho. Siku moja akashuka bondeni, akakosa hatua, akaanguka na maji yake. Hakuumia sana, lakini Mama na mashangazi wakakaa kikao, wakamkataza kushuka tena.

Kwetu mwanamke akishakatazwa bondeni ni kama amefanywa mgeni ndani ya nyumba yake. Bibi akawa anachotewa maji. Akawa anaomba maji ya kunywa kama mpita njia, na anayapokea kwa mikono miwili, ameinama. Mama aliponisimulia hilo nilishindwa kula.

Nikahangaika Dar, nikapata nafasi kwenye hospitali moja upande wa mjini. Daktari wa macho alikuwa anapasua kwa siku chache tu kisha anaondoka kwenda mkoani, na siku yetu ilikuwa ya mwisho. Tukiikosa, Bibi anarudi Newala na ukungu wake, na hakuna aliyejua angepata nafasi nyingine lini.

Bibi akaja na basi, akisindikizwa na jirani, wakaingia Kigamboni kwa barabara ya nyuma, ile ndefu isiyopita kwenye pantoni. Rufiji abiria wengine waliposhuka, kondakta alimwacha ndani ya basi kwa sababu ya macho, akavushwa akidhani wamesimama kuchimba dawa. Alipoambiwa kwamba amevuka mto juu ya pantoni, alikataa katakata. "Mimi nimevuka? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti!"

Sasa ile asubuhi ya hospitali.

Wakuu, mimi dumu nikalisukumia uvunguni. Ningebebaje? Si niliwaambia natafuna karanga pembeni? Nikamvika Bibi khanga mpya, nikamshika mkono, tukashuka kwenda kwenye pantoni. Moyo unanidunda kama ngoma ya mwali, usoni nimeweka tabasamu.

Tumekanyaga tu ule mlango wa chuma, sauti ya Mama Shabani hiyo: "Dada Dumu! Leo dumu umemwachia nani?"

Mwuza karanga naye: "Dada Dumu leo kaamua kufa!"

Kicheko.

Bibi akasimama.

"Wanamwita nani?"

"Sijui, Bibi. Watu wa mjini hao."

"Wanakuita wewe." Akavuta hewa. Chini ya mlango maji yakapiga chuma, kop, kop, na nikauona mwili wake ukiganda kuanzia mabegani. "Dumu liko wapi?"

"Nyumbani."

"Kalete."

"Bibi, tutachelewa! Daktari anaondoka! Bibi, ni macho yako!"

"Ni macho yangu. Kalete."

Honi nyuma. Jamaa wa tiketi anafoka tuondoke njiani. Nikajaribu kumvuta kidogo, wakuu, nikagundua mwanamke aliyepanda mlima wa Newala na maji kichwani maisha yake yote havutwi. Mama Shabani akashuka, akaacha pantoni lake, akamshika Bibi bega.

"Shikamoo, Bibi. Mimi mtu wa Masasi. Nitakaa naye hapa. We dada, kimbia."

Nikakimbia. Kwa viatu vya ofisini, kwenye mchanga wa Kigamboni. Nikarudi na dumu mkononi, jasho linachuruzika, nikapokelewa kwa shangwe kama timu iliyotoka na kombe.

Tukapanda. Tulipoachana na nchi kavu nikampa Bibi lile dumu. Hapo sikuwa naigiza, niliona ni haki yake, yeye ndiye asiyeona.

Akalisukuma likarudi kifuani kwangu.

"Shika wewe. Mimi nilishashika zamu yangu."

Nikadhani anasema habari ya kuteka maji, kwamba amebeba vya kutosha. Kwa hiyo nikalikumbatia, mbele ya wote, na Bibi akanikamata mkono wangu mwingine kwenye kiwiko. Alikaza hivi kwamba alama za vidole zilibaki. Hata Mama Shabani hakutania.

Tulipofika ng'ambo nikapumua, nikaanza kumharakisha. Bibi hasogei.

"Jaza."

"Nijaze nini?"

"Tumevuka maji yote hayo, unataka kuondoka na chombo kitupu?"

"Bibi, hayo ni maji ya bahari! Hayanyweki!"

"Nani amekuambia unywe? Jaza."

Nilikuwa na hoja nyingi. Nilikuwa na digrii. Nikachuchumaa pembeni ya mlango wa pantoni, nikachomoa gunzi, nikachota bahari ya Hindi huku abiria wakipita wananiona kichaa na mlinzi akipuliza filimbi. Viatu vikalowa. Bibi akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Mungu naye," akasema. "Kuweka chumvi kwenye maji yote haya. Hakuna aliyemwuliza?"

Hospitali tukafika jina limeshapita. Muuguzi akatazama dumu kabla hajatutazama sisi.

"Dawa za kienyeji haziingii humu."

"Si dawa," nikasema. "Ni maji ya bahari."

"Ya nini?"

Bibi akanijibia: "Ya nyumbani."

Tukaambiwa tukae mwisho wa benchi. Watu wakaingia, wakatoka, benchi likapungua, likabaki letu. Nikaona mfagizi anaanza kumwaga maji ya kudekia. Hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu niliona kabisa nimempotezea Bibi macho kwa ajili ya kuona aibu ya dumu. Ningelibeba tangu mwanzo, tungewahi.

Mlango ukafunguka. "Yule bibi mwenye bahari yupo?"

Tukaitika kwa pamoja.

Alipasuliwa jicho moja. Kitambaa kilipotolewa, cha kwanza alichokitazama ni mimi. Akanikagua kutoka juu mpaka kwenye viatu vyenye mistari myeupe ya chumvi.

"Umekonda," akasema. "Na unaongea sana kwa mtu aliyekonda."

Siku ya kurudi Kigamboni alisimama kwenye pantoni akitazama kwa jicho lake moja. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Ni hapa tu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ng'ambo naiona. Kuna mtu anaanika nguo. Hapa ndipo unapopaogopa?"

"Siogopi, Bibi."

Mama Shabani akakohoa.

Nikaona afadhali nimtege na mimi. "Sasa Bibi, dumu tumelijaza. Likizama tutashika nini?"

Nilidhani nimempata. Hakucheka. Alinishika kiwiko palepale penye alama.

"Sasa naona," akasema. "Nitakushika wewe."

Dumu alirudi nalo Newala, amelipakata. Majirani wakaja kuonja bahari kwa ncha ya kidole. Iliyobaki akachemshia ming'oko, na Mama akasema haijawahi kukolea vile. Na Bibi akarudi bondeni, na dumu lilelile na gunzi lake, mashangazi wapende wasipende.

Mimi nikaendelea kuvuka bila dumu. Msinipigie makofi, nilikuwa nashika nguzo.

Funzo langu? Mimi najisifu kwa kuhoji. Nimehoji wachungaji, nimehoji maprofesa, humu nimewahoji nyote. Bibi aliniuliza swali moja na mimi nikamjibu kwa kuchora mchangani, wala sikumwuliza yeye kwa nini anauliza. Mtu akikuuliza utashika nini, kabla hujamwelimisha, mwulize yeye aliwahi kushika nini.

Mliokuwa mkivuka miaka ile, nyie mlikuwa mnashika nini? Semeni ukweli, najua siko peke yangu. Na watu wa Masasi karibuni mnitanie, ila mwoge kwanza.

La mwisho, ambalo nimelijua miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya Bibi. Alikuja binamu yake, mkongwe aliyeolewa Lulindi, ambaye naye alitoka ng'ambo ya Ruvuma. Hakuomba khanga wala chungu cha marehemu. Aliomba aonyeshwe dumu. Akalipapasa, akaniambia kwamba Bibi alivuka ule mto akiwa na mdogo wake wa kike, usiku, mto umejaa, na walikuwa na kibuyu kimoja kitupu cha kuelea. Walikubaliana kukishika kwa zamu.

Waliofika upande wetu ni Bibi na kibuyu.